Mshtakiwa Hakufika

Jumatatu, 13 Januari

Mvua tangu alfajiri. Kesi kumi na nne ubaoni, waliofika ni wa kesi kumi na moja. Nimeandika "mshtakiwa hakufika" mara tatu kwa wino mwekundu, na mara ya tatu kalamu imetoboa karatasi. Miaka kumi na tisa ya ukarani imenifundisha kwamba mwanaapolo, hawa wachimbaji wetu wadogo, akishaona dalili ya dhahabu shimoni husahau mahakama, mke na Mungu, na huanza na mahakama.

Nimeanza daftari hili kwa sababu Padre wetu wa Ushirombo aliniambia nikishikwa na hasira niandike badala ya kusema. Haya, Padre. Tuone nani atachoka kwanza.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Waliokosa ni wanne.

Ijumaa, 17 Januari

Paa linavuja juu ya rafu ya majalada. Mheshimiwa George, hakimu wetu mfawidhi, amesema tuandike maombi ya matengenezo. Tuliandika mwaka jana na mwaka juzi. Nimesogeza rafu.

Jumatatu, 20 Januari

Choo cha nyuma kimefurika. Maji machafu yamepita uwanjani, yakazunguka tangi la chini tunalohifadhia maji ya mvua, yakateremka barabarani. Elieth, mhudumu wetu, ameshinda na jembe akichimba mfereji, kanga kaifunga kiunoni, anaimba. Huyu mwanamke angeimba hata nyumba ikiungua. Nimemwambia afunike tangi vizuri, akaniambia, "Mama Devota, mfuniko una ufa tangu Pasaka. Nimeweka gunia."

Maji ya tangi hilo ndiyo huchotwa na kuwekwa kwenye ndoo yenye koki pale barazani, na kikombe cha bati kimefungwa kwa kamba. Ndoo niliiomba mimi. Mahakama yetu ya Bulyambeshi iko katikati ya pori na machimbo, mashahidi wanatembea saa tatu, na kwetu mgeni hanyimwi maji.

Waliokosa leo ni watano. Hakimu amechukia, nami nimechukia kumzidi. Jaji mkaguzi anakuja tarehe 14 Februari na tuna mashauri sitini na mawili yamelala.

Alhamisi, 23 Januari

Leo nimejaza hati tisa za kukamata. Hakimu amesaini zote bila kuinua kichwa, na Koplo Boaz amezipokea akicheka, akasema atahitaji petroli ya gari kuliko pingu.

Nilipokuwa naandika ya saba, amekuja mwanamke na mtoto mgongoni, matope hadi magotini. Akapiga goti kidogo, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Una kesi gani?"

"Sina kesi, mayu. Naitwa Juliana. Nimekuja kumsemea mume wangu, Innocent, yule wa mawe. Anaharisha tangu juzi, maji matupu. Hata kusimama hawezi."

Innocent namjua. Ameshtakiwa kuiba viroba viwili vya mawe ya dhahabu kwenye duara, yaani shimo la machimbo, la watu, na Jumatatu alikuwa hapa, kijana mrefu, mzima, akibishana na mlalamikaji kuhusu uzito wa kiroba.

"Una cheti cha daktari?"

"Sina."

"Basi nitajuaje? Kila anayeogopa kesi tumbo humuuma."

"Alitoka hapa mzima, mayu. Kesho yake jioni ndo likamwanza."

Nikamwambia mahakama haisikilizi tumbo, inasikiliza karatasi. Akasimama pale pale akinitazama nikiandika jina la mumewe kwenye hati, maana ya saba ilikuwa yake. Hajui kusoma, lakini nadhani alijua. Alipoondoka nikamwambia Elieth, "Hawa watu wanadhani sisi ni watoto." Elieth akachukua ufagio akaondoka bila kuimba.

Ijumaa, 24 Januari

Rangi mpya imeletwa kwa ajili ya ukaguzi. Kuta za mbele tu.

Jumatatu, 27 Januari

Boaz ameleta sita kati ya tisa. Nikamuuliza wengine wako wapi.

"Watatu nimewakuta wamelala chini hawanyanyuki. Nikaona wataniharibia gari."

"Na hawa?"

"Hawa walau wanakaa."

Innocent hakuwa anakaa. Boaz na mwenzake walimshika makwapani wakamwingiza chumba cha mahabusu, chumba cha hatua nne kwa nne, watu kumi na mmoja, ndoo moja ya haja. Nilimwona macho yake yameingia ndani, na vidole vimekunjamana kama vya mwanamke aliyefua mchana kutwa. Saa nne aliletwa mbele. Hakimu akamuuliza kwa nini hakufika tarehe 23. Alifungua mdomo, sauti haikutoka. Akaulizwa tena. Mimi nimekaa pale na kalamu yangu, nasubiri jibu la kuandika.

Hakimu akaahirisha hadi tarehe 24 Februari, akaagiza apelekwe zahanati "baada ya shughuli." Shughuli ziliisha saa nane mchana. Tarehe nikaiandika kwenye kipande cha karatasi nikampa Juliana, aliyekuwa amekaa nje kwenye mvua tangu asubuhi, akinywesha mtoto maji ya kikombe chetu.

Elieth ameosha chumba cha mahabusu kwa fagio, miguu mitupu. Hakuna glovu, hakuna buti. Nilimpa sabuni ya kipande nikajiona nimefanya jambo.

Jumanne, 28 Januari

Innocent amekufa. Alfajiri, zahanati, kabla dripu ya pili haijaisha. Boaz ndiye aliyeleta habari, safari hii bila kucheka, akaomba nimwambie Mheshimiwa kwa niaba yake.

Nimempigia simu Mageni. Tulisoma naye sekondari, sasa ni muuguzi hospitali ya Kolandoto. Nikamweleza: maji matupu, macho, vidole.

"Maji yenyewe yakoje? Kama ya kuoshea mchele?"

Nikamuuliza Elieth, akatikisa kichwa kukubali.

"Anisia, nisikilize. Hicho nikishuku mimi hapa, simu inapigwa saa hiyo hiyo. Hatusubiri vipimo. Vipimo vinafuata. Waambie watu wa afya leo."

Nikaingia ofisini kwa Mheshimiwa George. Alikuwa anapitia orodha ya mashauri ya kumwonyesha Jaji. Nitaandika maneno yote, maana najua siku moja yatakanwa.

"Mheshimiwa, yule wa mawe amekufa. Na nadhani ni kipindupindu."

"Zahanati imeandika nini?"

"Kuhara kukali."

"Basi ni kuhara. Sisi si madaktari, Anisia."

"Ndiyo maana nasema tuwaite madaktari."

Akavua miwani. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera. Mtu mbaya ungemtukana moyoni ukalala. Huyu alinichangia msiba wa mama yangu na akakaa matangani siku mbili.

"Ukitaja neno hilo wataifunga mahakama," akasema. "Wiki mbili, mwezi. Mashauri sitini na mawili yanakuwa mia. Jaji anakuja kukuta makufuli. Unataka niseme nini, kwamba karani wangu alishuku?"

"Sema mtu amekufa."

"Andika barua. Kwa Afisa Afya wa Wilaya, kupitia kwangu. Nitaipitisha."

Nimeiandika kabla ya saa sita. Nimeiweka mezani kwake mwenyewe, juu ya kila kitu.

Wakati natoka nikaona katoni ya maji ya chupa chini ya meza yake. Ndipo nikafikiri. Hakimu anakunywa chupa. Mimi nakunywa chai yangu ya moto kutoka nyumbani. Waendesha mashtaka wananunua soda. Nikavuka kwenda dukani kwa Bi Rehmat, anayetutolea nakala na kutuuzia maji, nikamuuliza ni nani hasa wateja wake wa maji.

"Wenye meza," akasema. "Wa barazani hawanunui, mama. Wao wana ndoo yenu."

Jumatano, 29 Januari

Barua iko juu.

Alhamisi, 30 Januari

Barua iko chini ya jalada la shamba la Mwendakulima. Nimeirudisha juu.

Ijumaa, 31 Januari

Mvua kubwa. Barua imehamia kwenye trei ya "Yasubiri." Hati tatu za kukamata zimeongezwa. Nilikataa kuzijaza. Hakimu akazijaza mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Jumatatu, 3 Februari

Asubuhi nimefungua kamba nikakitia kikombe kwenye mkoba wangu. Saa tatu mlinzi amefunga kopo la maziwa badala yake, maana watu walikuwa wanalalamika kiu. Nikamwaga ndoo. Elieth akajaza tena. Nilimfokea. Akaniambia kwa upole kwamba Mheshimiwa ameagiza, wageni wa Jaji wasikute ndoo tupu. Nimemfokea mtu asiye na kosa kwa sababu mwenye kosa namwita Mheshimiwa.

Jioni nikamuuliza hakimu kuhusu barua.

"Ukaguzi upite kwanza, Anisia. Siku kumi na moja tu."

Nikamwambia mficha maradhi kilio humuumbua. Akatabasamu, akasema methali si sheria. Ni kweli. Na methali hii ina kasoro nyingine, haikusema kilio kitakuwa cha nyumba ya nani. Mpaka sasa hakijawa cha mwenye kuficha.

Jumatano, 5 Februari

Elieth hakufika.

Niliandika maneno hayo kwenye kitabu cha mahudhurio, kisha nikayatazama. Nikaacha kalamu hapo hapo nikaenda kwake, nyuma ya karasha za kusagia mawe. Nimemkuta sakafuni juu ya mfuko wa salfeti, binti yake wa miaka minane anamshikia kichwa. Macho yale yale. Vidole vile vile. Alijaribu kunisalimia kwanza, "Mwangaluka, mama," kama vile nimekuja kunywa uji.

Nimekodi bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia. Zahanati wamemtundikia dripu. Tabibu, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaniambia ana wagonjwa kama huyu sita, kila mmoja ametoka kijiji chake, na hajui kinachowaunganisha.

Mimi nilijua. Nimerudi ofisini mbio.

Nimetoa rejista zote tangu Januari. Kila niliyemwandika "hakufika" nimemtafuta alikuwa hapa lini mara ya mwisho. Wako ishirini na watatu. Kati yao kumi na tisa walikuwa wamekaa barazani kwetu siku moja, mbili au tatu kabla ya kukosa. Kisha nikatoa majalada, maana kila jalada la dhamana lina namba ya simu ya mdhamini, nikaenda kukaa dukani kwa Bi Rehmat nikaanza kupiga, mmoja baada ya mwingine. Salio likiisha, Bi Rehmat ananitia jingine bila kuuliza.

Wanane hawakupatikana. Kumi na mmoja waliharisha. Mmoja tu alikuwa ametoroka kweli, kaenda Geita, na mdhamini wake alimlaani hewani kwa dakika nzima. Na watatu wamekufa. Innocent, na mzee mmoja wa kesi ya mpaka, na shahidi msichana wa miaka kumi na saba. Huyo msichana nilimwandika "hakufika bila sababu" siku aliyozikwa. Hati yake ya kukamatwa bado ilikuwa kwenye droo ya Boaz.

Ishirini na watatu, na wahuni wangu wote wale niliowatukana tangu mwanzo wa daftari hili, kumbe mhuni wa hakika ni mmoja tu.

Alhamisi, 6 Februari

Sikuomba ruhusa. Nimepanda gari la kwanza kwenda wilayani na orodha kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya blauzi.

Afisa Afya anaitwa Eustace, mtu mfupi anayeongea polepole. Nilipomwambia natoka mahakamani akadhani namletea hati ya kuitwa shaurini. Nikaweka orodha mezani: jina, kijiji, siku aliyokuja kwetu, siku aliyougua, hali yake leo.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Hakimu wako anajua?"

"Anajua tangu tarehe 28. Hajui kama niko hapa."

Akasoma mstari kwa mstari, kidole kikishuka. Katikati ya ukurasa akamwita dereva. Akaniambia zahanati yetu ilipeleka takwimu zake za wiki, lakini wagonjwa walionekana wametapakaa vijiji tisa, wakadhani ni visima vya vijijini. Watu wake wako huko wanatia dawa visima visivyo na kosa.

Nilitaka kulia nikaona nitampotezea muda.

Ijumaa, 7 Februari

Wamekuja saa mbili asubuhi, magari mawili. Wamechukua maji ya tangi, wamepulizia dawa chumba cha mahabusu, wamefunga baraza kwa utepe. Watu waliokuja kwenye kesi wametolewa hadi chini ya turubai wakanaweshwa mikono mmoja mmoja.

Mheshimiwa George alitoka na joho mkononi. Eustace akamsalimia kwa heshima zote, akamweleza, kisha akasema, bila ukali wowote, "Mheshimiwa, ungetupigia simu tu. Ni bure."

Akaenda kwenye ubao wetu wa matangazo. Akabandua orodha ya kesi ya wiki, na chini yake ya wiki iliyopita, na chini yake nyingine. Chini kabisa kulikuwa na tangazo la afya, rangi ya bluu, lenye namba ya kutoa taarifa. Walituletea miezi kumi iliyopita, na mpokeaji amesaini. Sahihi ni yangu. Orodha za kesi juu yake nilizibandika mimi, kila Jumatatu, kwa gundi.

Hakimu aliniangalia. Nikaanza kukwangua gundi iliyobaki kwa ukucha.

Jumatatu, 10 Februari

Majibu yametoka. Ni kipindupindu, kwa wagonjwa na kwenye tangi.

Jumatano, 12 Februari

Elieth yuko kwenye hema la wagonjwa. Amekaa. Amekunywa uji.

Ijumaa, 14 Februari

Jaji hakuja. Kuta za mbele zimependeza.

Jumanne, 18 Februari

Nimepokea barua ya kujieleza, kutoka ngazi za juu. Natakiwa nieleze ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu kwa kutoa kumbukumbu za mahakama nje ya ofisi bila idhini na kuwasiliana na mamlaka nyingine bila kupitia kwa mkuu wangu wa kazi.

Nimeisoma kwa sauti mbele ya hema. Elieth alicheka hadi muuguzi akamkataza.

"Andika uombe radhi, Mama Devota. Una watoto. Karatasi tu hiyo."

Karatasi tu. Na mimi ndiye niliyemwambia Juliana kwamba mahakama inasikiliza karatasi.

Jumatatu, 24 Februari

Tumefungua. Tangi limefukiwa, maji yanaletwa na gari, vikombe vya kutupa. Mgonjwa mpya hakuna kwa siku tisa.

Saa moja na nusu, kabla hata ya mlinzi kufungua geti la ndani, Juliana alikuwa amekaa barazani na mtoto wake. Kavaa nguo nyeusi. Mkononi ana kile kipande cha karatasi, amekikunja mara nne.

Nikamwamkia kabla hajapiga goti. Nikamuuliza amefuata nini.

"Tarehe ni leo, mayu."

"Juliana, mume wako amefariki."

"Najua. Nimemzika." Akanyoosha karatasi kwa kidole. "Lakini alisema nisiikose tarehe hii. Alisema tusipofika mtakuja tena na gari. Nikaona nije nikae mimi, mkimtaka mtu mnichukue mimi, huyu mtoto nimwache kwa shangazi yake."

Alikuwa amekuja kujisalimisha kwa ajili ya marehemu. Ametembea saa tatu. Na kwa sheria zetu alikuwa sahihi kuogopa, kwa sababu jalada lilikuwa wazi, hakuna aliyeandika chochote, na mimi ningeliita jina lile mlangoni na kuliandika kwa wino mwekundu.

Nikamshika mkono nikamwingiza hadi mbele ya hakimu, joho halijavaliwa vizuri, nikamwambia arudie aliyoniambia. Akarudia, kwa kituo, kwa Kiswahili chake cha nyumbani. Mheshimiwa George alisikiliza hadi mwisho. Akatafuta kalamu yake na ilikuwa mbele yake. Akaandika kwamba shauri limeondolewa kwa sababu mshtakiwa amefariki, kisha akamwambia Juliana, "Hakuna atakayekuja, mama." Juliana akauliza kama atapewa karatasi ya kuonyesha. Nikampa, yenye mihuri miwili. Akaikunja pamoja na ile nyingine.

Jumanne, 25 Februari

Siku ya saba. Nimejibu barua. Inapitia kwa hakimu, kama inavyotakiwa. Nimeandika:

"Sikiri kosa la kutoa taarifa. Nakiri kosa la kuchelewa. Tarehe 23 Januari Juliana, mke wa mshtakiwa, alinitolea taarifa ya ugonjwa huu mezani kwangu. Nilimdai cheti, nikaandika hati ya kumkamata mgonjwa. Niliifikisha taarifa yake kwa Afisa Afya tarehe 6 Februari. Nimechelewa siku kumi na nne. Katika siku hizo mshtakiwa aliletwa hapa kwa hati niliyoijaza mimi, akafa. Sina utetezi."

Mheshimiwa ameisoma akiwa amesimama. Ameisoma tena akiwa amekaa.

"Watakufukuza kwa maneno haya," akasema.

"Inawezekana."

"Na mimi hukunitaja."

"Hii ni barua yangu ya kujieleza, Mheshimiwa. Ya kwako utaandika mwenyewe."

Akachukua muhuri, akaushika juu ya barua. Kisha akaugonga, akanirudishia, nami nikaipeleka posta kwa miguu.